Mbavu za submarine yetu zilioza chini ya rangi nzuri

Wakuu, salamu kutoka Sultan Hamud. Hii imenipata mimi mwenyewe, na nitaieleza vile ilikuwa, pamoja na pale nilijiaibisha.

Mimi ni fundi wa welding. Natengeneza matanki ya maji na mikokoteni ya punda. Ndugu yangu mdogo, Muthama, ndiye alileta wazo la submarine ya mtu mmoja. Yeye anajua kuogelea, mimi sijui. Tukakubaliana: mimi nijenge, yeye aingie.

Najua mtacheka. Submarine Makueni, mahali tunatafuta maji na punda! Chekeni tu, hata mama yetu alicheka.

Mwili niliutengeneza na plate ya 3mm, ile ya matanki, nikaikunja iwe bomba. Ndani nikaweka frames saba, yaani pete za chuma za kuzuia bomba lisibonyezwe na maji. Sisi tuliziita mbavu.

Sikuzichomelea mzunguko mzima. Niliweka weld kidogo hapa, naruka, kidogo pale. Kwa matanki huwa nafanya hivyo na hakuna mtu amewahi kulalamika.

Lakini tanki linasukumwa na maji kutoka ndani. Submarine inafinywa kutoka nje. Hiyo sikuifikiria.

Halafu, ili iwe nzito izame, nilijaza mchanga wa mtoni katikati ya mbavu, ukiwa bado na unyevu. Sikuwa nimetoboa matundu ya kupitisha maji chini ya mbavu. Ikakaa hivyo msimu mzima. Huku kwetu ni kukavu, nikadhani kutu ni shida ya watu wa Mombasa.

Wiki ya kuizamisha tulitoa mchanga. Mke wangu Ndinda, ambaye huchora vibao vya maduka, akaingia ndani kupaka rangi ya mwisho.

Akaniita. “Baba Mutheu, hii rangi imefura. Leta bisibisi.”

Alikwaruza kidogo tu. Bisibisi ikazama kati ya ubavu na plate kama inaingia kwa ugali. Kutu ikamwagikia mkono wake, vipande vikubwa.

Muthama akachungulia. “Pitisha grinder, upake tena. Jumamosi watu wa kanisa wanakuja kuona. Tutawaambia nini?”

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kutafuta hiyo grinder ya kusugua kutu.

Ndinda akaniangalia. “Ingekuwa ni wewe unaingia, ungepaka tu?”

Nikaacha kutafuta grinder. Nikasema itashuka, lakini bila mtu. Mahali pa Muthama tutaweka magunia ya mchanga. Alikasirika, siku mbili hatukuongea.

Jumamosi tuliipeleka kwa silanga ya jirani, bwawa la kuchimbwa lenye kina cha mita nane hivi. Tukaishusha na winchi, polepole. Hatukusikia kitu.

Kuivuta ndiyo ilikuwa kazi. Maji yalikuwa yameingia, ikarudi ikiwa nzito kuliko vile ilishuka, ikabidi wanaume wa kanisa washike kamba.

Upande mmoja ulikuwa umebonyea kama mtungi wa plastiki uliokanyagwa. Mbavu tatu zilikuwa zimeachana na plate, na moja ilikuwa imepasua gunia.

Muthama alilishika lile gunia muda mrefu. “Hapa ndipo mgongo wangu ungekuwa,” akasema. Akaketi kwa matope na suruali yake nzuri. Hakuna aliyecheka.

Sasa nimejenga ya pili. Plate ni nzito zaidi, na bomba nimelipima liwe duara kamili. Mbavu zimechomelewa mzunguko mzima, na kila moja ina tundu chini ili maji yakimbilie mahali pamoja niyaone na kuyafuta. Primer ya zinc, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, nilipaka baada ya kusugua chuma hadi king’are. Mchanga hauingii tena. Uzito ni vyuma vya kutoa na kurudisha.

Imeshuka tupu mara mbili, ikarudi kavu. Muthama anauliza ataingia lini. Bado sijamjibu.

Nilichojifunza: rangi haionyeshi afya ya chuma. Kama huwezi kufikia mahali ukapakagua kwa macho na mkono, usimweke mtoto wa mama yako hapo.

Mafundi wenzangu, nyinyi huzuia kutu aje pale maji hulala? Na kama umewahi kumwambia mtu “iko sawa” kabla ya kuangalia, andika hapa chini. Sitakuhukumu.