Swali Ambalo Babu Alilifuta

Siku yake ya kwanza kazini, Babu alitapikia koti la daktari mkuu. Aliniambia nisiandike hilo. Lakini mkono wake unatetemeka na kalamu ninayo mimi, mjukuu wake wa Form Three, kwa hivyo limeandikwa.

Alianza na malaria, kuhara na mifupa. Halafu akasomea magonjwa ya akili, na marafiki wakaanza kumsalimia kwa mbali, eti yanaambukiza.

Baada ya vita vya kikabila vilivyofuata uchaguzi akagundua wagonjwa wake hawaendi wodi ya akili. Nani aende huko aonekane na jirani? Walikuja kliniki ya kawaida wakisema moyo unapiga mbio, chakula hakishuki. Wanapimwa, hakuna kitu, wanapewa dawa ya maumivu. Babu akahamishia meza yake hapo hapo, kati ya chumba cha presha na cha vidonda, bila kibao mlangoni.

"Wewe sasa ni daktari wa moyo ama wa wazimu?" mkuu wa kliniki akamuuliza.

"Ni wa hao unaowarudisha nyumbani."

Mama mmoja kutoka mji wa Burnt Forest alikuja mara tatu. Nyumba yake ilichomwa, kijana wake hakuonekana tena. Mara ya tatu akaanza kusimulia. Babu, kwa mazoea tu, akavuta fomu: jina, umri, nyumbani kwenu ni wapi. Madaktari wote waliuliza hivyo. Lakini hilo ndilo swali watu walikuwa wameulizwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kabila lao lijulikane, kabla ya panga.

"Hata wewe, daktari?" mama akasema. Akachukua leso yake akatoka.

Babu alimtafuta mtaa wa Langas, alikopanga. Majirani wakasema hawamjui. Wiki kadhaa baadaye binti wa mama huyo akamleta kliniki amebebwa, hali chakula, hasemi. Mwili ulipona. Sauti haikurudi.

"Si ungefuta hilo swali?" nikamuuliza Babu.

"Nililifuta siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshauliza."

Sasa amestaafu, tunaishi mtaa wa Kapsoya. Wanaosomea udaktari wakimuuliza siri ya kazi, anasema hana. Kila Jumanne alikuwa akienda kwa yule binti, anakaa na mama asubuhi nzima. Mwezi uliopita binti akamsindikiza hadi barabarani.

"Mzee, asante. Lakini usirudi. Ukishaondoka, mama huwa anakataa chakula siku mbili."

Jumanne iliyofuata nilimkuta Babu amevaa kofia na koti kama wa kwenda kwa mama, ameketi kitandani. Nilikuwa na mzaha tayari. Nikaumeza.