Ukimuuliza Mjamzito, Mama Mkwe Hujibu

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, katika hospitali ya Nyeri, miaka michache baada ya Uhuru, nilitarajia kuzalisha akina mama. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, akanipeleka kuchemsha mkojo. Mimi msichana wa mtaa wa Majengo, gauni nimelipiga pasi hadi limekakamaa, nikakabidhiwa taa ya spiriti na vichupa. Mkojo wa mjamzito ukichemka ukabaki safi, vizuri. Ukiganda mweupe kama ute wa yai, una protini, na huenda presha inapanda. Presha hiyo ikiachwa huleta degedege tunazoita kifafa cha mimba, na hizo huweza kuua mama na mtoto pamoja.

"Zuhura," Matroni aliniambia, "kabla hujagusa tumbo, muulize aliwahi kuugua nini. Aliyeumwa figo au malaria kali, mwangalie mara mbili."

Sababu hasa ya presha hiyo haikujulikana, na hata leo wataalamu bado wanabishana. Si kila aliyewahi kuugua maradhi hayo atapandwa na presha akishika mimba. Lakini Matroni alitaka mama kama huyo aje kliniki mapema na aje mara nyingi, na mimi nilimwelewa.

Sasa muulize! Hapo ndipo nilipozeeka. Nilitolewa Nyeri nikapelekwa Karatina, kisha Nanyuki, kisha kituo cha afya upande wa Mweiga, na kote ni yale yale. Mjamzito analetwa na mama mkwe. Unamtazama msichana usoni, unauliza, anajibu mwingine. Umri? Mama mkwe. Hedhi ya mwisho? Mama mkwe, jamani! Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nimechoka kwa hasira zaidi kuliko kwa kazi.

Kule Mweiga aliletwa Nyambura, miguu imevimba hadi amekanyaga viatu, visigino vikiwa nje. Mimba ilikuwa ya pili. Ya kwanza mtoto alizaliwa amekufa, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Umewahi kuugua?" nikamuuliza.

"Huyu? Hajawahi," akasema mama mkwe. "Ata homa. Sisi hatukuoa mgonjwa, sista."

Nyambura aliangalia sakafu.

"Mama, tafadhali toka nje kidogo."

"Nitoke kwa nini? Huyu si ni wangu?"

"Ni wako, lakini tumbo ni lake. Toka."

Alitoka akinung'unika, nami nikafunga mlango. Nyambura akasema kwa sauti ya chini, "Nikiwa shule nilikuwa nakojoa damu. Mgongo inauma, natetemeka baridi. Mama yangu akanikataza kuambia watu wa kwa bwana yangu. Ati watanirudisha."

"Na mimba ya kwanza, hukumwambia muuguzi?"

"Mama mkwe alikuwa hapo hapo. Ningesema aje?"

Nilichemsha mkojo wake ukaganda. Nikamfunga mkono mashine ya presha, zebaki ikapanda hadi mahali nisipotaka kuiona. Tukampakia kwenye Land Rover ya kituo, mama mkwe kando yake, hadi hospitali ya Nyeri. Akalazwa chumba chenye mapazia yaliyofungwa, kwa sababu tuliamini mwanga na kelele huamsha degedege. Alipewa dawa za kushusha presha, kisha za kuanzisha uchungu. Niliogopa sana, sifichi.

"Mbona mmemleta amechelewa hivi?" Daktari Mkuu akafoka.

"Muulize mama mkwe wake, daktari. Yeye ndiye mwenye majibu."

Mtoto alizaliwa mdogo, lakini alilia. Nyambura akapona. Nilitoka kwenda kumpa habari yule mama nikiwa nimejiandaa kumgombeza, maneno yote yako mdomoni. Nilimkuta kwenye benchi, ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Mtoto amelia?"

"Amelia."

Akajifunika uso na kile kitambaa. "Wangu wawili wa kwanza hawakulia," akasema. "Siku ile niliweka sikio mlangoni. Na mimi nilikuwa nakojoa damu nikiwa msichana. Hakuna mtu anajua, ata mzee wangu. Hakuna mtu aliniuliza."

Nikakaa kando yake. Hasira nilikuwa nayo bado, lakini sikujua tena nimpe nani.

Sasa nimestaafu, naishi Skuta, hapa Nyeri mjini, na wauguzi vijana hupita kunisalimia. Wana vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, hawachomwi vidole na taa ya spiriti kama sisi, na nawafurahia. Ila bado wanamuuliza mjamzito mbele ya ukoo mzima, mlango wazi, halafu wanaandika "hajawahi". Inaniudhi hadi leo! Nawaambia: toeni watu kwanza, fungeni mlango, muulizeni polepole, mngojeni ajibu mwenyewe. Na mkimaliza, msikimbilie chai. Nendeni pale nje kwenye benchi mkamuulize na mama mkwe yaliyompata yeye.