Mpira, Riadha au Sanaa

Enzi zetu pale Nyololo baridi ilikuwa baridi ya kweli, si hii ya siku hizi inayotoka kwenye mashine ukutani. Tulikwenda shule pekupeku juu ya umande, mfukoni kiazi cha moto ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha vidole joto, na ya pili, ikifika saa nne, kuliwa. Tukifika tulicheza ili tusigande.

Mchezo wetu uliitwa Miji. Nitaueleza, maana wapo waliozaliwa na simu mkononi. Kila mmoja alishika mji wake: huyu Mbalizi, yule Mafinga, mimi Ipogolo. Wawili wanarusha mpira wa matambara kama kwenye rede, wengine mnakwepa. Ukipigwa hufi, unategewa kitendawili. Ukishindwa unatoa mji wako na kuwa mateka nyuma ya choo cha walimu, mpaka mwenzako apenye apige kopo teke na kukukomboa, kama kwenye kombolela. Wavulana walidai ni mchezo wao kwa sababu una kurusha na kupiga teke. Sisi wasichana tulidai ni wetu kwa sababu unahitaji akili. Kengele ikilia ugomvi uliahirishwa hadi kesho yake.

Nilishika Ipogolo kwa sababu mama yangu alikuwa huko, akiwauzia maandazi madereva wa malori kando ya barabara kuu. Mimi niliachwa kwa Bibi. Tangu nimwone Mama mara ya mwisho, mahindi yalikuwa yamevunwa mara mbili.

Siku moja Mwalimu Sanga, mwalimu wetu wa michezo, akatangaza kwamba kutakuwa na mashindano Iringa mjini, kila shule ipeleke mchezo wake yenyewe. Sisi tungepeleka Miji. Lori litapitia Ipogolo, alisema, na baada ya hapo sikusikia kitu kingine.

Basi ikaja fomu. Ilikuwa na vyumba vitatu, Mpira, Riadha na Sanaa, na chini imeandikwa: weka alama kwenye chumba kimoja tu. Mwalimu Sanga alisema ni mpira, kwani mpira upo. Mwalimu Mkuu alisema watoto wanakimbia, kwa hiyo ni riadha. Mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja asiyecheka, alisema penye kitendawili ni sanaa, akarudi kwenye kufuma sweta lake. Walibishana tangu chai hadi saa ya shamba la shule. Mwisho Mwalimu Mkuu akasema wasipokubaliana kufikia kesho asubuhi, itapelekwa kwaya. Mimi kwaya nilishafukuzwa.

Jioni nikamweleza Bibi huku machozi yakinitoka. Bibi hakuacha kuchochea moto.

"Makande yana mahindi, yana maharage. Ulishanisikia nayaita maharage?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Kamwambie mwalimu wako."

Asubuhi nikamwambia, mikono nyuma, macho chini. Mwalimu Sanga akachukua kalamu akaweka alama kwenye vyumba vyote vitatu. Huko Iringa wakahesabu kwamba shule yetu inaleta timu tatu, wakatutumia lori kubwa kuliko yote. Tulipanda watoto tisa na Mwalimu Sanga.

Uwanjani tulipangiwa waamuzi watatu. Wa mpira alitafuta goli, hakuliona. Wa riadha alishika saa yake akauliza mwisho wa mbio uko wapi. Wa sanaa alitaka kujua kwa nini mateka hawaimbi. Mimi nilikuwa mateka wakati huo, nimeshindwa kitendawili rahisi kabisa kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa watazamaji. Lori lilipopita Ipogolo sikuwa nimemwona mtu.

Waamuzi wakasimamisha mchezo. Mkubwa wao akauliza kwa sauti, kalamu mkononi, "Huu ni mchezo wa aina gani?" Mwalimu Sanga akatazama viatu vyake.

Ndipo nikasikia sauti upande wa pili wa kamba, ikisalimu kwa lugha ya kwetu. "Kamwene, wazee." Alikuwa mwanamke mwenye beseni la maandazi kichwani. Bibi alikuwa amempelekea ujumbe kupitia dereva wa lori la mbao, na kutoka Ipogolo alikuwa amepanda mlima kwa miguu. "Huo ni mchezo wa binti yangu," akasema Mama.

Nilitoka umatekani bila kukombolewa, jambo ambalo kanuni za Miji haziruhusu, na hakuna aliyenizuia. Kanga yake ilinukia mafuta ya kukaangia. Nililia mbele ya shule zote za mkoa.

Kwenye fomu yake, penye aina, mwamuzi aliandika alivyoambiwa. Tulishika nafasi ya kwanza katika aina hiyo, na ya mwisho pia.

Mama ametangulia mbele ya haki siku nyingi. Leo mjukuu wangu amekaa sebuleni na rafiki yake, wanacheza kwenye televisheni mchezo mmoja wenye vita, mashamba, magari na mafumbo, na wamegombana tangu asubuhi kama ni wa vita au wa mafumbo. Sisi tuligombania mchezo ni wa nani. Hawa vidole ndivyo vinavyokimbia, wenyewe wamekaa.

"Bibi, hebu tuamulie," akasema. "Huu ni wa aina gani?"

"Huo ni mchezo wa mjukuu wangu."

Hakuinua hata macho. "Hiyo siyo aina, Bibi."

Sikubishana naye. Iliwahi kuandikwa kwenye fomu.