Siku Mwalimu Mkuu Alipoitika

Mwezi uliopita nilipanda Lushoto kumwona mama, tukaenda pamoja zahanati. Tulimkuta muuguzi akiwaeleza wazazi kuhusu usonji: mtoto asiyekutazama machoni, asiyejibu akiitwa. Nilisikiliza nikitabasamu, rafiki yangu, maana ni kama alikuwa anamzungumzia mdogo wangu wa kike. Sisi tulimlea bila hata kulijua neno hilo.

Wewe unatujua. Kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, habari hufika nyumbani kabla yake. Mdogo wangu hakuwahi kuitamka shikamoo hiyo. Majirani wakasema mama kazaa jeuri, na mimi, naona aibu kukiri, nilikuwa natangulia njiani nionekane siko naye.

Bibi peke yake ndiye aliyemwelewa. Asubuhi akikoroga uji, moshi umetanda jikoni, mdogo wangu alikuwa anakuja, anashika pindo la kanga yake kwa vidole viwili, anatazama ukutani.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi anaitika, na kuendelea kukoroga.

Ikaja siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, tumepanga foleni na bibi, mapeasi mfukoni. Mwalimu mkuu alikuwa na kipimo chake: pitisha mkono juu ya kichwa, gusa sikio la upande wa pili. Mdogo wangu akaligusa bila shida. Mwalimu akasubiri shikamoo. Kimya.

"Mrudisheni akafundishwe adabu kwanza," akafoka. "Simwandiki."

Nilitaka kulia. Shule ilikuwa hiyo moja tu, na mwalimu yule hakuwa mtu wa kubadili kauli.

Bibi akasogea mbele. "Mwalimu, mtoto ameshakuamkia. Wewe ndiye hujaitika."

"Shikamoo, bibi. Ameniamkia saa ngapi?"

"Marahaba. Hebu tazama koti lako."

Akatazama. Vidole viwili vilikuwa vimeshika pindo la koti, na havikuwa vimeliachia hata alipofoka. Kisha mtu yule tuliyemwogopa kuliko chui akasema taratibu, "Marahaba," akafungua daftari, akaandika jina.

Nilishangilia mpaka nikafokewa mimi! Tulirudi nimemshika mkono, nikampitisha katikati ya soko makusudi, watu watuone. Haukupita muda mrefu, hata wenye maduka wakawa wanaitika wakishikwa nguo.

Bibi hayupo tena, na jiko lile la kuni limebomolewa. Yote hayo nayakumbuka kwa uchungu. Mdogo wangu sasa anaotesha miche ya kabichi, na wakulima wanaigombania. Minong'ono nayo imetoweka, ila hiyo siililii.

Mkutano ule wa zahanati ulipokwisha, mama mmoja mgeni, amempakata binti yake asiyesema, aliuliza kwa woga ni shule gani itakayompokea. Kabla muuguzi hajafungua mdomo, kinamama watatu walimjibu kwa pamoja:

"Ya hapa hapa. Mlete kesho."