Methali Inasema Mpe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila inaponijia siwezi kukaa kitako. Watu husema mzee hasira zake hupoa. Zangu hazijapoa, wala siziombei zipoe. Sogea nikueleze, maana ninayemkasirikia kuliko wote ni karani mmoja wa miaka ishirini na mitatu, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na karani huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa karani msaidizi katika ofisi moja hapa Tabora iliyosimamia makao ya watoto wasio na wazazi, nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Kwihara. Aliyetimiza miaka kumi na minane alitakiwa kuondoka, apelekwe kijijini akaanze maisha. Hakuachwa hivi hivi. Palikuwa na posho ya kuondokea: fedha za jembe, sufuria, blanketi, na chakula cha kumfikisha kwenye mavuno yake ya kwanza. Lakini kabla haijatolewa karani alijaza fomu, na fomu ilikuwa na swali moja: Je, anaweza kujitegemea? Ukiandika hapana, posho inatoka. Ukiandika ndiyo, anapewa nauli tu.

Wewe umezaliwa baadaye, huujui uzito wa neno hilo siku zile. Kujitegemea kuliimbwa shuleni asubuhi, kukachorwa kutani, kukasemwa redioni. Asiyejitegemea aliitwa kupe. Sasa mwulize binti wa miaka kumi na minane, mbele ya wenzake, kama yeye ni kupe. Atajibu nini?

Binti huyo aliitwa Nyamizi. Aliletwa pale hajaota meno, na hakuna aliyejua kwao. Alikuwa mfupi, mwepesi wa vidole, hodari wa bustani. Siku hiyo nilimtoa jikoni, alikokuwa akimsaidia mpishi, Bi Zuwena, mama mtu mzima wa Kwihara. Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita pembeni. Niliwakusanya watoto wote uani ili wajifunze.

"Nyamizi," nikamwuliza, "unaweza kujitegemea?"

Akafikiri. "Nikipewa pa kuanzia, naweza."

"Hilo silo swali. Ndiyo au hapana?"

Nyuma yake mvulana mmoja akakunja midomo akatoa sauti ya kunyonya, kama kupe. Wenzake wakaangua kicheko.

"Ndiyo," akasema Nyamizi, macho chini.

Nikaandika. Kisha, kwa kuwa nilipenda kusikika msomi, nikamwongezea na methali: "Umekula hapa miaka kumi na minane, binti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!" Watoto wakapiga makofi. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. Hakucheka.

Mkubwa wangu ofisini alinipiga bega kwa furaha. Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikinyesha, Nyamizi akapandishwa lori la kwenda kijiji kimoja njia ya Sikonge, na kanga mbili ndani ya kikapu.

Machi nikamfuata. Usidhani roho ilinisuta. Nilikwenda kumwandika kwenye taarifa ya ofisi kama mfano wa kuigwa, na sentensi ya kwanza nilikwisha kuitunga njiani.

Mwenyekiti wa kijiji alinipokea vizuri. "Nyamizi? Mchapakazi yule. Utamkuta kwa Mzee Kapela, kwenye bani." Bani, kama hujui, ni kile kijumba cha kukaushia tumbaku. Nilimkuta amekaa chini anafunga majani kwenye vijiti, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Nimekuja kuona shamba lako."

Akanyoosha kidole, kile cheusi. "Lile pale. Nyasi zimestawi sana mwaka huu. Ziandike."

Nikadhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwomba anieleze, naye akanieleza bila kulia, huku mikono haisimami. Kijiji kilimpa eka moja, sawa na kila mtu. Jembe hakuwa nalo. Akaazima, lakini mvua ikinyesha kila jembe lina kazi kwa mwenyewe, akawa analipata wenzake wakishamaliza, udongo umekwisha kukauka. Ghala la kijiji lilimkopesha mbegu za mahindi. Chakula hakikumhusu, kwa sababu kiligawiwa kwa siku za kazi za msimu uliopita, na yeye msimu uliopita hakuwepo.

"Na zile mbegu?" nikauliza.

"Nilizikaanga."

"Ukazila?"

"Sasa bwana karani, nilizikaanga nizitazame?"

Mbegu zilipokwisha akabisha hodi kwa Mzee Kapela. Wakakubaliana: atakula na kulala pale, naye atafanya kazi ya tumbaku mpaka mzee aseme basi.

"Atasema lini?"

"Hajasema."

Mzee mwenyewe akatokea, akatusikia. Nilijiandaa kumgombeza, yeye akaniwahi. "Karani, huyu alifika kwangu hawezi kusimama. Nilimlisha. Nimemwokoa au nimemkosea? Niambie wewe uliyemleta." Jibu lake nalitafuta mpaka leo, mwanangu, ingawa najua Mzee Kapela alikuwa akimlisha mtu mmoja na kuvuna kazi ya watu wawili.

Niliporudi mjini nilikwenda jikoni kwa Bi Zuwena. Nadhani nilitaka anihurumie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapepeta mchele wake, halafu akauliza:

"Shati hilo kakununulia nani?"

"Baba."

"Na baiskeli?"

"Baba. Aliuza ng'ombe Nzega."

"Unalala wapi?"

"Kwa mjomba, Kanyenye."

"Unamlipa?"

"Halipwi mjomba, Bi Zuwena."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Basi kupe mkubwa kuliko wewe sijapata kumwona. Na mshahara unao!" Akaweka ungo chini. "Tena ile methali uliyomtupia mwanangu mbele za watu, shule hawakukufundisha kuisikiliza? Inasema mpe jembe. Mpe! Jembe linatoka kwa mwenye nyumba. Wewe jembe umemnyima, ukampa methali."

Nikataka kujitetea. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Kwihara mpaka pwani, chini ya mabwana wasiojua huruma ni mnyama gani. Hata wale, mwanangu, hawakumwondosha mtu bila posho ya njiani. Walijua akianguka, mzigo utaanguka naye. Ninyi mnaoimba udugu kila asubuhi mmeshindwa na wafanyabiashara wa pembe?"

Sijapata kupigwa kiboko kikali kama kile. Kesho yake nikamwendea mkubwa wangu, nikamwambia nilikosea, naomba nifute ndiyo yangu niandike hapana.

"Binti yu hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Anakula?"

"Anakula kwa watu."

"Basi anajitegemea," akasema, akarudi kwenye magazeti yake.

Nilinunua jembe na gunia la mahindi kwa mishahara yangu ya miezi miwili, nikavipeleka. Vilifika mvua zimekwisha. Jembe la Mei ni chuma tu. Nyamizi alikaa kwenye tumbaku ya Mzee Kapela msimu ule na mwingine, kwa kuwa mzee alikuwa hajasema basi, na wa tatu akalima eka yake, ikaitika. Baadaye akajenga, akazaa, akasomesha.

Nami nakukataza usinipigie makofi hapo. Kila nilipoisimulia habari hii, walikuwepo waliosema, "Unaona? Alifika bila kusaidiwa. Shida humkomaza mtu." Hapo ndipo damu hunichemka. Misimu miwili ya ujana wake ilivunwa na mtu mwingine kwa sababu mimi niliandika neno moja. Nani atamrudishia? Na walikuwepo wengine walioondoka kabla yake, kwa ndiyo hiyo hiyo, ambao hatukuwahi kujua walikofikia, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuwatafuta.

Waliomfuata Nyamizi kwenye fomu ile wote niliwaandikia hapana. Niliitwa mlea kupe. Nikaitika.

Sasa sikiliza ninalotaka ubaki nalo. Ukipewa kalamu, usimwulize mtu asiye na baba wala mjomba swali ambalo wewe mwenyewe hukuulizwa. Kwenu ulipoondoka hukuandikiwa fomu. Ulifungashiwa mchele, ukapewa nauli na akiba ya nauli, ukaambiwa mambo yakiharibika rudi. Aliyelelewa na umma, umma ndio ukoo wake, na ukoo haumtoi mwanawe kwa kumwonyesha barabara. Mpe pa kulala, mpe cha kufanyia kazi, mpe chakula cha kungojea kazi izae. Mpe kwa wakati wake, kwa maana msaada unaokuja msimu umepita ni wa kutuliza roho ya mtoaji. Na ukishampa, mfuate ukamwone. Usitosheke na karatasi.

Na wewe uliyekulia kwenye makao, utakayesikia haya ukiwa umebakiza miezi michache kutoka, nakuomba kitu kimoja. Wakikuuliza kama unaweza peke yako, jibu bila aibu: bado. Wacheke. Chembe na chembe mkate huwa, lakini chembe ya kwanza hutoka mkononi mwa mtu. Kuidai ni haki yako, wala hakukupunguzii utu.

Mungu akupe watu wa kukuuliza umekula nini leo. Akufungulie milango kabla hujachoka kubisha, akujalie msimu wako uuvune mwenyewe, na siku utakapokuwa mkubwa wa watu, akuondolee usingizi mpaka kila mtoto aliye chini yako awe na pa kulaza kichwa. Amina.