Regina Wawira, Aliyewaosha Waliofungwa Kamba

Alizaliwa Regina Wawira tarehe 14 Agosti 1968, katika vilima vikavu nje ya soko la Kiritiri, nchi ya Mbeere, akiwa mtoto wa pili wa Njura, mfugaji wa mbuzi na mchoma makaa, na mkewe Ruguru. Kaka yake mkubwa aliitwa Kithaka. Huyo ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda mafundisho ya ubatizo, kwa kuwa njia ilijaa miiba na Regina hakuwa na viatu. Kithaka alipofikisha miaka ishirini, akili yake iliharibika. Alianza kusema na watu wasioonekana, kisha akachoma ghala la jirani. Wazazi, ambao hawakuwa watu wabaya, walimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya zizi la mbuzi, na hapo akakaa miaka mitatu. Regina ndiye aliyempelekea chakula. Asubuhi moja ya Machi 1985 alimkuta amekufa, kamba ikiwa imezama ndani ya nyama ya mguu. Baada ya maziko alimwuliza katekista wa kigango chao Kristo alikuwa wapi muda huo wote. Mzee yule alivaa kofia yake, akaenda.

Hata hivyo Regina hakuiacha imani. Alihamia Embu, akapanga chumba mtaa wa Dallas, akaajiriwa kupika katika shule moja mjini. Waliomfahamu wakati huo wanashuhudia kwamba alikuwa mtu wa furaha. Aliimba kwaya, alifunga Ijumaa, na kila aliposali alimsikia Mungu karibu naye, kama mtu anavyojua kwamba mwenzake yumo chumbani hata bila kugeuka. Mwaka wa 1996 alichumbiwa na mwalimu aitwaye Mbogo, na matangazo ya ndoa yao yakasomwa kanisani mara mbili.

Desemba mwaka huo alisafiri hadi mji wa Maua kumpelekea mwaliko wa harusi binamu yake Karwirwa, aliyekuwa ameolewa huko. Walipokuwa wakipita sokoni, mahali miraa inapofungwa na kupakiwa, waliona watu wamekusanyika wakicheka. Katikati yao palikuwa na mwanamke aliye uchi, amechutama kwenye rundo la majani ya migomba yaliyotupwa, akiokota masalia ya miraa na kuyatafuna. Jina lake lilikuwa Kiende, na alikuwa amezunguka soko hilo kwa miaka mingi. Karwirwa alimvuta Regina mkono akamwambia, "Twende. Huyo ako hivyo kila siku." Regina alifungua leso yake akamfunika yule mwanamke. Kiende akamtemea mate usoni. Regina alijipangusa, akaketi chini kando yake mpaka watu wakachoka kutazama.

Baadaye, alipoulizwa na paroko wa huko, Padre Kaimenyi, kama alisikia sauti au kuona nuru, alijibu, "Hapana, Padre. Nilijua tu kwamba siwezi tena kupita." Alimrudishia Mbogo posa yake. Mwalimu huyo alilia mbele ya wazee, na Regina mwenyewe alilia, kwa maana alimpenda. Kufikia Pasaka ya 1997 alikuwa amepanga nyumba ya mabati karibu na kichinjio cha Maua, na Kiende alikuwa mtu wa kwanza kulala humo.

Kwa miaka ishirini Regina alifanya kazi ambayo wengi walitamani aifanye mbali na macho yao. Aliwatafuta wenye ugonjwa wa akili, wengine sokoni, wengine wakiwa wamefungwa nyuma ya nyumba za jamaa zao. Aliwaosha, aliwanyoa, aliwapeleka kliniki na kuwapa dawa kwa mkono wake. Sheria ya nyumba yake ilikuwa moja tu, kwamba mlango haufungwi kwa nje. Aliomba chakula kwa wanawake wa soko, na mara nyingi walimpa. Watu kumi na mmoja waliishi naye, na baadhi walipata nafuu wakarudi kwao kulima.

Lakini waamini wanapaswa kujua jambo ambalo yeye aliwaficha karibu wote. Katika mafungo ya Kwaresima ya 2009 alimwambia Padre Kaimenyi kwamba anaposali ni kama anaongea na ukuta. Padre akamwuliza hali hiyo ilianza lini. "Tangu siku ile ya Kiende," akasema. "Nilipoketi pale chini, Yeye aliondoka. Nilidhani atarudi." Padre alimshauri avumilie. Miaka minane ikapita naye Mungu hajarudi. Regina alienda misa kila asubuhi, akapokea Komunyo, akatoka kanisani akiwa mkavu kama alivyoingia. Wakati mwingine alimfikiria Mbogo, ambaye sasa alikuwa na mke na watoto huko Runyenjes, na alijiuliza kama alibadilisha nyumba yenye watu kwa nyumba ambayo hata Mungu hayumo.

Mwaka wa 2017 ndipo yalipomfika makubwa. Miongoni mwa waliokaa kwake alikuwemo Mbaabu, aliyewahi kuwa dereva wa pikapu za miraa kabla ya kuugua. Alikuwa mpole, na alimpenda Kiende kama dada. Katika mwezi wa Julai dawa zilikosekana kwa majuma kadhaa. Mbaabu akaanza kutolala. Majirani walimsihi Regina amfungie ndani mpaka dawa zipatikane. Alikataa. "Ndugu yangu alikufa kwa kufungwa," akawaambia. Tarehe 23 Julai, saa nne ya asubuhi, Regina akiwa ameenda kuteka maji, Mbaabu alichukua jembe na kumpiga Kiende kichwani. Regina alirudi akamkuta amelala mlangoni. Alimshika mpaka alipokata roho. Hakuna aliyemsikia akisali.

Polisi walimchukua Mbaabu. Siku tatu baada ya maziko, watu wa mtaa walikuja wakabomoa nyumba, nao wengi wao walikuwa Wakristo wa parokia hiyo. Regina alisimama kando na hakuwazuia. Jamaa za wagonjwa waliitwa wakawachukua, na kabla ya Krismasi wanne kati yao walikuwa wamerudishwa kwenye kamba.

Mara ya kwanza aliporuhusiwa kumwona Mbaabu gerezani, mtu huyo, akiwa amepata dawa na akili imemrudia, alimwuliza, "Mama, ni mimi nilimuua Kiende?" "Ni wewe," Regina akasema. "Na ni mimi. Kunywa uji." Alimtembelea kila mwezi mpaka miguu yake iliposhindwa na safari hiyo ndefu.

Miaka yake ya mwisho aliishi katika chumba alichopewa na Karwirwa. Hakufungua nyumba nyingine tena. Alitembea kwa miguu hadi kwenye boma za wale wanne, akiwa na karai na sabuni. Jamaa hawakumruhusu afungue kamba, naye baada ya kifo cha Kiende hakuwasihi. Basi aliketi chini, akainua kamba kwa kidole, akaosha mguu chini yake, akaupaka mafuta, kisha akairudisha kamba mahali pake. Mzee M'Ikiara, ambaye mwanawe Antony alikuwa amefungwa kwenye mti wa mwarobaini, alimwuliza siku moja inamfaidi nini. "Sijui," Regina akajibu. "Nikiacha, nani atamwosha?"

Alifariki kwa saratani ya titi tarehe 9 Februari 2023, asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Padre Kaimenyi alimpa Mpako wa Wagonjwa, akamwuliza kwa sauti ya chini kama sasa anasikia chochote. Alitikisa kichwa. Maneno yake ya mwisho, ambayo Karwirwa aliyasikia vizuri, yalikuwa haya: "Ni zamu ya Antony leo."

Misa ya kumuaga ilihudhuriwa na watu wachache, kisha mwili ukasafirishwa kwenda Kiritiri. Mzee M'Ikiara alikuwepo, amekaa kiti cha nyuma. Aliporudi nyumbani alikata kamba ya mwanawe kwa panga. Wapo wanaouita huo muujiza. Ukweli ni kwamba Antony hakuinuka. Amebaki pale pale chini ya mti, mguu huru, na hadi leo huondoka tu anaposhikwa mkono. Wanawake watano wa jumuiya ya kichinjio huenda kumwosha kila Alhamisi, na huwaosha pia wale watatu wengine, ambao bado wamefungwa.

Kanisa halijamtamka Regina kuwa mtakatifu, na mimi niandikaye ni katekista tu. Siku nyumba yake ilipobomolewa nilikuwepo, na nilibeba mabati mawili hadi kwangu. Aliniona. Jumapili iliyofuata alinipa mkono wa amani kama kawaida, na sikuweza kumtazama. Ndugu mpendwa, unayetaka kumfuata mwanamke huyu, usingoje moyo wako uwake, wala usingoje kusikia unaitwa kwa jina. Yeye alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita bila kusikia chochote. Chukua karai uende.