Mutware na Shokapu za Ruti

Mutware alikuwa fundi wa magari pale Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu mwaka aliokimbia Burundi, na alijivunia jambo moja: kila gari la kambi alilijua kwa sauti. Akiwa amelala chini ya gari jingine, mgongo kwenye gunia, alikutajia nani anapita barabarani, na hakukosea.

Ndiyo maana alishtuka siku gari la Jocelyne lilipopita bila kugongagonga mashimoni kama kawaida yake. Jocelyne, Mrundi mwenzake, alipeleka abiria Mbarara kwa gari la viti saba, na kwa miaka minne hakuna fundi aliyeligusa ila Mutware. Alitoka kuangalia. Gari liliingia shimoni, likainuka mara moja, likatulia.

Jioni alimwendea, akijifanya anawasalimia watoto. Jocelyne hakumficha. Alikuwa amebadilisha shokapu zote nne, zile za kupunguza mtikisiko, mjini Mbarara, upande wa Ruti, kwa muuza spea anayeitwa Zaharah. Akamsifu sana yule mama, kwamba kazi anaijua. Mutware alitabasamu, akarudi nyumbani, chakula kikamshinda. Mkewe Cansilde, mamake Sonia, alipouliza, akasingizia tumbo.

Kesho yake alianza kuwaambia madereva kuwa shokapu za Ruti ni za barabara za lami tu, zitavuja kabla mwezi haujaisha. Kila mara gari la Jocelyne liliposimama karibu, aliinama kuchungulia nyuma ya magurudumu. Mwezi ukaisha, ukaja wa pili, wa mvua. Hakuona hata tone la mafuta. Madereva wengine wawili wakaenda Ruti.

Basi dereva mmoja, Léopold, alipomwachia gari lake lililokuwa likirukaruka, Mutware naye akaenda. Hakusema kuwa ni fundi. Zaharah alikuwa mwanamke wa makamo, ameketi katikati ya maboksi, na Mutware aliomba moyoni amkute hajui kitu. Akaagiza shokapu za nyuma za gari la viti saba. Zaharah hakunyanyuka.

"Gari yako inabeba watu ngapi, sebo?"

Mutware alisema saba. Zaharah akamtazama tu, mpaka mwenyewe akajisahihisha: kumi, na magunia ya maharage nyuma.

"Na zile za zamani zilikufa namna gani? Zilivuja, ama zilichoka tu?"

Mutware alisema hajui. Miaka yote alikuwa akizichomoa za zamani na kuzitupa, kisha anafunga zozote zilizotoka kwenye gari bovu, mradi zimeingia. Hakuwahi kuzichunguza. Zaharah alimweleza taratibu. Kwenye mashimo mfululizo, shokapu ya mafuta matupu inapata moto, mafuta yanatoa povu, na hapo haizuii tena kitu. Kwa njia ya Nakivale achukue za gesi, na abadilishe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Springi nazo azitazame, maana zikiwa zimelegea, shokapu mpya itagonga mwisho wake kwa kila shimo.

Kisha akasema, "Wewe ni fundi. Naona mikono."

Mutware alikubali. Alikuwa amejiandaa kuchekwa, na mama yule hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alinunua mbili, na kambini akaangalia springi kwanza, kisha akafunga shokapu. Siku tatu baadaye Léopold alirudi amefurahi.

"Baba Sonia, sasa abiria wanalala njiani. Ni kama gari ya Jocelyne."

Akauliza nani alimwonyesha aina ile. Mutware aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa hata ilipokwisha takata. Alijibu kuwa kuna duka moja Ruti. Jina la Zaharah hakulitaja.

Siku hizi huenda huko mara mbili kwa mwezi. Zaharah humpa bei ya mafundi na kumuuliza maswali, naye hujibu kwa adabu. Kila mara hujifunza kitu, na kila mara hutoka dukani amenuna.